Big Mac ya Muscat na Big Mac ya Ohio

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Zanzibar, nasoma Ohio, Marekani. Kaka yangu yuko Muscat, hula Big Mac, ile baga ya nyama ya McDonald's, kila Ijumaa akitoka msikitini. Mimi huku wenzangu wamenikataza. Jina moja, kampuni moja, vipi kwake iwe halali na kwangu haramu? Na je, nikichopoa nyama nikala mkate na jibini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, hukumu haifuati jina la kwenye boksi, inafuata kisu. Mkate wa ufuta, saladi, kitunguu na matango ya siki havina kesi. Kesi iko kwenye vile vipande viwili vya nyama ya ng'ombe. Oman nyama hiyo ni ya kuchinjwa kisheria. Huko uliko haiuzwi kwa sharti hilo.

Watakusomea Aya ya 5 ya Suratul Maida, kwamba chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, ni halali kwetu. Ni kweli, na wapo wanavyuoni walioitegemea hata kwa nyama za huko. Mimi nasita. Kwenye machinjio makubwa ya Marekani ng'ombe hupigwa kwanza chuma cha kutoboa fuvu ili azimie. Akifia hapo, kisu kimechelewa, naye ameingia katika Aya ya 3 ya sura hiyohiyo: aliyekufa kwa kupigwa. Na mchinjaji humjui ni nani. Ile hadithi ya Bibi Aisha katika Bukhari, "litajeni jina la Mwenyezi Mungu nyinyi, kisha mle", iliulizwa juu ya nyama ya watu waliosilimu karibuni, si ya kiwanda.

Kuchopoa nyama hakusaidii. Jibini imeshayeyukia juu yake, mafuta yameshanywewa na mkate.

Kula samaki. Filet-O-Fish yenyewe, baga ya samaki ya McDonald's, ilizaliwa Ohio hiyohiyo, Cincinnati, mwaka 1962: Lou Groen aliibuni kwa ajili ya wateja wake Wakatoliki wasiokula nyama siku ya Ijumaa. Samaki hana haja ya kuchinjwa. Wewe ulizia mafuta yanayomkaanga. Chipsi nazo usizidhanie ni viazi vitupu, kwani za Marekani hutiwa ladha ya nyama ya ng'ombe. Wahindu na wengine wasiokula nyama waliishitaki kampuni kwa hilo, na mwaka 2002 ikakubali kutoa dola milioni 10.

Uliyokula bila kujua, huna lawama. Na mwenzako anayeshika ile rai nyingine, usimwite mla haramu. Wallahu aalam.