Kalitusi zangu zilivyokunywa chemchemi

Nimezaliwa Kilembe, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye laini, yaani nyumba za wachimba shaba, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni cha nyumbani. Mgodini walikuja watu wa kila kabila na lazima waelewane. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baba alipata kipande cha shamba mtelemkoni, juu ya mto Nyamwamba. Chini ya shamba kuna chemchemi inayotoa kijito. Tukiwa watoto, jerikeni ya lita 20 ilikuwa inajaa pale kabla hujamaliza kukunja ngata ya majani ya mgomba.

Mwaka 2009 nikapanda kalitusi, yaani mikaratusi. Kasese nzima ilikuwa inapanda: nguzo zina soko, kuni zina soko, na mti hauna usumbufu. Nilizipanda mpaka kwenye ukingo wa maji, na zile za ukingoni ndizo zilizopaa kuliko zote. Nilijisifu. Sikujiuliza zinakunywa nini.

Kufikia kiangazi cha 2015, mke wangu alikuwa akienda kuchota maji anabeba na ungo wa maharage. Jerikeni ikiwa inajaa kwa matone, yeye anachambua. Mzee jirani yangu, Mkonzo (kabila la milimani huku) wa zamani kabisa, alipita akasimama akatazama. "Mwanangu," akaniambia, "hii si miti. Umeweka pampu."

Kwa hiyo wewe unayetaka kupanda miti ili mto wako urudi, usianze na miche. Anza na jembe: liondoe ukingoni. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 30 ziachwe kila upande wa mto mdogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Najua inauma. Shamba langu ni jembamba, na mita 30 ni karibu kitanda chote cha vitunguu. Niliachia hatua 15 kwanza, msimu uliofuata nikasogea tena. Palipoachwa nikapanda mistari miwili ya mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, kukingama mteremko. Baada ya mvua tatu nzito, udongo uliokuwa unakimbilia kijitoni ukawa unakwama kwenye mashina yake, hadi pakajijenga ngazi ya kukanyaga. Majani nakata nawapa mbuzi, kwa hiyo si hasara tupu.

Kuzing'oa kalitusi ndiyo kazi iliyonitoa jasho. Ukikata, kisiki kinachipua tena, na machipukizi yana njaa ya maji kuliko mama yao. Dawa yake ni kukibandua kisiki gome lote hadi chini ya udongo, halafu kila mwezi upite na panga uvunje chochote kinachochungulia. Mimi ilinichukua karibu miaka miwili. Sisemi kalitusi ni laana, maana bado ninazo juu kabisa kilimani, mbali na maji, na karo za watoto zimetoka humo.

Mahali pake ukingoni nimeweka mkuyu, mtuba (ule mti wa nguo za magome) na mianzi. Mtuba ni mti wa maskini kwa maana nzuri: hauhitaji kitalu. Unakata tawi nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mtu, unaliacha kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha unalizamisha ardhini mvua zikishakolea. Mvua zikishakolea, nasema, siyo mvua ya kwanza! Ya kwanza ni mwongo. Huku kwetu nangoja katikati ya Machi au Septemba.

Shirika fulani liliwahi kutuletea miche kwa lori mwezi Januari, jua likichoma. Watu wakapanda, picha zikapigwa, lori likaondoka. Mimi nilipewa 60, ikapona 4, na mmoja kati ya hiyo minne ulimalizwa na mbuzi wangu mwenyewe. Ukiletewa miche wakati wa jua, iweke kivulini, mwagilia jioni, ngoja mvua. Hakuna aliyekulazimisha kupanda siku ya picha.

Na usitegemee miujiza. Mti nao unakunywa, kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili sikuona tofauti. Kinachobadilisha mambo ni kile kilicho chini ya mti. Majani yanaanguka, yanaoza, udongo unalegea, mizizi na wadudu wanautoboa. Mvua ikinyesha haipigi ardhi tupu na kuteremka mbio. Inazama, inakaa, halafu inatoka kidogo kidogo wakati wa jua. Ukifagia majani hayo ili pawe "pasafi", kama nilivyofanya mwanzoni, umeharibu kazi yote.

Tusidanganyane pia kuhusu mafuriko. Mei 1, 2013 Nyamwamba ulikuja na mawe, na Mei 2020 ukarudi na kuibomoa hospitali ya Kilembe. Mkuyu wangu usingezuia jiwe la ukubwa wa gari. Lakini mwaka mmoja kabla ya lile la 2013, moto ulikuwa umeunguza mimea mingi huko juu Rwenzori, kwenye vyanzo vya mto huohuo. Maji yasiposhikwa juu, sisi wa chini tunayapokea yote kwa pamoja. Ndiyo maana siku hizi mtu akiwasha moto kilimani, mimi ni wa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kama mwenye moto ni shemeji yangu. (Ilishatokea. Hatukusalimiana hadi Krismasi.)

Jambo la mwisho halina gharama: pima. Chukua jerikeni ya lita 20 na saa ya simu, nenda kwenye chemchemi yako mwishoni mwa kiangazi, andika. Rudia kila mwaka mwezi uleule. Mwaka 2016 yangu ilijaa kwa dakika 11. Februari iliyopita ilijaa kwa dakika 4 na kidogo. Mke wangu bado anabeba ungo wake kwa mazoea, ila siku hizi anarudi na maharage hayajachambuliwa hata nusu.