Mwanangu, misikiti ya Mji wa Kale ni ya nani?

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata, na swali la mwenzako wa kazini huko Nairobi limenichekesha kwanza, kisha nikaona ana haki ya kuuliza. Mbona Mji wa Kale, mdogo vile, una misikiti mingi hivi, na kila mmoja una jina la watu: Mandhry, Basheikh, Baluchi, Bohora? Eti Waislamu wa Mombasa hawapatani?

Aanze na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alilala hapa usiku mmoja tu, mwaka 1331, akaandika kwamba watu wa Mombasa ni Washafii kwa madhehebu, wacha Mungu, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa imara. Mlangoni pana kisima. Mtu huteka maji, huosha miguu, huifuta kwenye mkeka mzito, ndipo aingie. Usiku mmoja, na kilichomkaa ni usafi wetu! Mreno alikuwa bado hajaijua pwani hii, wala Mombasa haijatawaliwa na Oman. Kwa hiyo akitokea wa kukwambia dini hapa ililetwa na utawala wa Waomani, mtajie mwaka huo.

Wareno waliuchoma mji 1505, wakaurudia tena 1528. Msikiti wa Mandhry, kwa mwaka unaotajwa na wengi, ni wa 1570. Ngome yenyewe, hiyo Fort Jesus, walianza kuijenga 1593. Yaani msikiti umeitangulia Ngome, na bado watu wanasali humo mara tano kwa siku, ilhali wageni wanapanga foleni kulipa kiingilio cha Ngome na Mandhry wanaupita tu. Haya, yangu macho.

Ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Enzi zao ndizo zilizoleta Mabulushi, askari waliotoka Baluchistan. Walioa hapa, wakazaa, leo wajukuu zao wanazungumza Kimvita kama mimi na wewe. Bohora walikuja na biashara kutoka Gujarat. Kila waliofika walitaka pa kusujudia karibu na nyumba zao.

Tofauti zipo, sitakuficha. Bohora ni Mashia, wana viongozi wao na utaratibu wao. Mabulushi kwa asili ni Wahanafi, na Alasiri ya Kihanafi huingia baadaye kuliko yetu ya Kishafii. Babako, Mungu amrehemu, alisali popote adhana ilipomkutia, na sikumbuki arudi nyumbani akisema ameulizwa ukoo wake.

Lakini sababu kubwa ya majina hayo ni wakf, na hapo ndipo mwenzako hajui. Mtu mwenye uwezo alitoa kiwanja, akajenga msikiti kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, kisha akatenga nyumba au duka ili kodi yake inunue mafuta ya taa na mikeka, na imlipe mwadhini na mteka maji. Watu wakauita kwa jina lake au la jamaa zake. Akishaweka wakf, kitu kimemtoka: hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu zawadi. Hata Waingereza walikuta mambo haya yamekita mizizi, ndiyo wakatunga sheria ya makamishna wa wakf mwaka 1900. Makamishna wapo mpaka leo.

Sisi wanawake wa rika langu hatukulelewa kusali msikitini, kwa hiyo ya ndani muulize amu yako. Mimi Mandhry naujua kwa nje: ule mnara wake uliochongoka, na kisima cha maji matamu ng'ambo ya njia. Ukimleta mwenzako wakati wa Idi, kisima hicho umwoneshe kabla ya Ngome.

Na lile duka la babu yako kule Kuze, ulilouliza mwaka jana mbona kodi yake haifiki nyumbani, nalo ni wakf ya namna hiyo hiyo. Marehemu aliliandikia msikiti kabla sijaolewa. Sasa kakako anataka kodi ipandishwe, anasema ni ndogo mno kwa mahali pale. Huenda kweli. Nimemwambia akazungumze na mutawalli, msimamizi wa wakf, mimi si la kwangu.

Salamu kwa mkeo.

Mamako