Kungumanga, kimbunga na deni: jibu kwa mfano wa Grenada

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo nchi ndogo ya visiwa inaweza kuishi kwa zao moja la viungo. Najibu kwa kuitazama Grenada, iliyoko kusini mwa Bahari ya Karibi, kwa sababu nchi hiyo ililiamini zao lake kiasi cha kuchora tunda la kungumanga kwenye bendera iliyopandishwa siku ya uhuru, tarehe 7 Februari 1974.

Eneo lake lote ni kilomita za mraba 344, pamoja na visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, na wakazi wake wamezidi kidogo laki moja. Kisiwa kikuu kimetokana na volkano, na miteremko yake yenye mvua na rutuba inaufaa sana mkungumanga, ingawa asili ya mti huo ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ulianza kupandwa Grenada katika miaka ya 1840, utumwa ulipokuwa umekwisha kukomeshwa na mashamba ya miwa yakikosa wafanyakazi. Wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa, ambao ndio wengi hadi leo, pamoja na wazao wa vibarua wa Kihindi walioanza kuletwa mwaka 1857, waliweza kuutunza katika vishamba vidogo vya familia, kwa kuwa tunda lililoiva hupasuka na kuanguka lenyewe, kisha basbasi, yaani utando mwekundu unaoizunguka kokwa, huambuliwa na kokwa hukaushwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo uzuri wa zao hili: lilimpa mtu asiye na mtaji kitu cha kuuza.

Kabla ya mwaka 2004, Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia. Tarehe 7 Septemba mwaka huo kimbunga Ivan kiliua watu 39, kikaharibu takriban asilimia 90 ya nyumba na kung'oa sehemu kubwa ya mikungumanga, ambayo ikipandwa leo huchukua miaka saba hivi kuanza kuzaa, na zaidi ya hapo kufikia ukomavu. Wasomaji wa Zanzibar watakumbuka historia ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja huku ile ya Pemba ikisalimika kwa wingi, hata biashara ikapata pa kushika. Grenada haikuwa na Pemba yake, kwani Carriacou ni kisiwa kikavu cha mabaharia na mafundi wa majahazi, si cha viungo.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na sababu kubwa ni muda. Mti husubiri miaka, lakini mdai hasubiri. Leo nchi hiyo huishi zaidi kwa watalii, kwa chuo kikuu cha St. George's kinachosomesha udaktari wanafunzi wengi kutoka Marekani, na kwa fedha zinazotumwa na ndugu walioko ng'ambo. Lakini hata vyanzo hivyo havikuizuia kushindwa kulipa madeni yake mwaka 2013. Katika makubaliano mapya na wadai wake ya mwaka 2015, Grenada ilidai jambo ambalo ningependa kila waziri wa fedha wa nchi ya visiwa alisome kwa makini: kipengele kinachoiruhusu kuahirisha malipo ya hati fungani, yaani mikopo iliyochukua kwa wawekezaji, endapo itapigwa na kimbunga kikubwa. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliharibu au kubomoa karibu kila jengo la Carriacou, na mwezi Agosti serikali ikakitumia kipengele hicho. Mfuko wa pamoja wa bima wa nchi za Karibi, ulioanzishwa mwaka 2007, nao uliilipa takriban dola milioni 44 za Marekani, fedha ambazo zilifika wakati familia za Carriacou zilikuwa bado zinalala chini ya maturubai.