Ukifungua biashara ugenini, anza na daftari

Wahamiaji wenzangu wanaotaka kufungua biashara huniuliza kwanza habari ya mtaji. Kazi yangu ni kuwatunzia hesabu wenye maduka, saluni na kampuni ndogo za usafi, na kwa niliyoyaona, mtaji watu wetu huupata. Wanachokwama nacho ni kuonyesha ulikotoka na ulikokwenda.

Mara nyingi hutoka kwenye upatu. Na si sisi peke yetu: Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi wana susu, Ethiopia wana equb, Meksiko wana tanda. Mchezo ni uleule, kila mmoja anatoa, zamu inazunguka, na dhamana ni uso wako. Nausifu bila kusita. Ubaya wake ni kwamba benki haiuoni. Utacheza miaka bila kuchelewesha mchango hata mara moja, kisha siku ya kuomba mkopo uambiwe huna historia ya kukopa. Hata ile uliyoijenga kwenu, kwa kawaida haivuki mpaka.

Wapo wenye benki waliowahi kututazama kwa jicho lingine. Mwaka 1904 Amadeo Giannini, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, alianzisha Bank of Italy mjini San Francisco, akawakopesha wahamiaji na wachuuzi ambao benki nyingine hazikuwajali. Ndiyo iliyokuja kuwa Bank of America. Ila wewe usikae ukimsubiri Giannini wako. Fungua akaunti ya biashara kabla hujaihitaji, pitisha mauzo yote humo, na ukipokea upatu andika tarehe, kiasi na waliochanga. La sivyo, mtu wa kodi akikuta fungu nono limeingia siku moja, atauliza kama si mauzo uliyoyaficha, na ana haki ya kuuliza.

Daftari hilohilo litakusaidia kwenye jambo gumu kuliko yote, nalo ni ndugu. Leo ada ya mtoto wa dada, kesho matibabu ya mzee, keshokutwa msiba. Sikushauri uache kutuma, na hata nikikushauri hutanisikia. Jilipe mshahara, hata ukiwa mdogo, kisha tuma kutoka kwenye huo mshahara. Droo ya duka isiguswe. Nimeona biashara zenye wateja tele zikifa kwa sababu hela ya kununulia mzigo ilitumwa nyumbani, na mwenyewe akabaki akiamini kwamba biashara hailipi. Halafu ukimwambia kaka kuwa mshahara wa mwezi huu umekwisha, atakuelewa. Ukimwambia duka halina kitu hatakuamini, kwa maana ameziona picha za rafu zilizojaa ulizoziweka mwenyewe mtandaoni.

Watu wa kwenu ndio wateja wa kwanza, na ndio wakopaji wa kwanza. Bandika bei ukutani, tena kwa lugha ya wenyeji pia ili nao waingie kununua, maana jumuiya ndogo haiwezi kulisha maduka matatu yanayouza vitu vilevile.

Mkataba wa pango usitafsiriwe na mwanao anayesoma shule. Mtoto atayasoma maneno, lakini hatajua kwamba kifungu cha dhamana binafsi kinamruhusu mwenye jengo kukufuata wewe na akiba yako biashara ikifungwa, au kwamba paa likivuja fundi ni juu yako. Mtafute mwanasheria, umlipe hata saa moja, kabla hujatia saini. Hela hiyo itenge mapema, kabla ya hela ya bango.