Goti langu la kulia na mfuko wa mchanga: yaliyonikuta na ninayokushauri

Mi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike hapa Mbagala mwaka wa 22 sasa, na miaka yote hiyo vitambaa nilikua nakatia chini, natandika mkeka, nachuchumaa, mkasi mkononi chaki mdomoni, nazunguka kitenge kama kaa. Nikimaliza kukata nahamia kwenye cherehani ya kukanyaga. Kwahiyo ukiniuliza goti lilianza lini kuuma sina tarehe ya kukupa, halikuja kwa kishindo. Lilianza kulia kwaka kwaka nikiinuka, kama mtu anakanyaga changarawe, afu likawa linakakamaa nikikaa muda mrefu, afu ikafika siku nashuka kwenye daladala konda anapiga bodi "shuka mama shuka" na mimi nimeshikilia mlango kwa mikono miwili, mguu hautaki kutua chini. Siku ile nililia, si kwa maumivu, ni kwa aibu. Nilikua na miaka 49.

Sasa ukiwa na goti bovu Dar es Salaam kila mtu ni daktari. Mama wa chapati ananiambia ute wa goti umekauka, kunywa supu ya kongoro na bamia. Jirani anasema hiyo ni baridi yabisi, usioge maji ya baridi. Shemeji yangu akaniletea chupa ya dawa ya mitishamba, na nikiri hapa, ile dawa ilifanya kazi, ndani ya siku mbili tu goti kimya kabisa, ndo ikanitisha baadae nilipokuja kuambiwa hospitali kwamba baadhi ya hizo dawa za mitaani zinachanganywa kisirisiri na vidonge vya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ndiyo maana zinatuliza haraka vile. Supu ya kongoro nilikunywa karibu miezi mitano. Tumbo likiisaga ile supu inakua chakula kama nyama nyingine, hakuna bomba linalotoka tumboni kwenda gotini, matokeo yake goti lilibaki vilevile na mimi nikaongezeka mwili.

Lakini kosa langu kubwa si kongoro, ni duka la dawa. Wenye magoti mnajua, unaenda dirishani unasema "nipe mchanganyiko wa goti", anakufungia vidonge kwenye kijimfuko cha nailoni, diklofenaki, paracetamoli, na vile vidonge vidogo vyeupe ambavyo hakwambii jina. Unameza, jioni unatembea. Kesho tena. Mi nilimeza hivyo kwa zaidi ya mwaka, siku nyingine bila kula maana asubuhi wateja wananisubiri nje ya fremu. Uso ukaanza kuwa mviringo watu wananiambia nimenawiri, kumbe ni vile vidogo vyeupe, navyo vilikua steroidi. Presha ikapanda, nikaambiwa ni umri. Afu asubuhi moja nikapata choo cheusi tii kama lami, kinanata, kichwa kinazunguka, nikaanguka pale pale mlangoni.

Nilipofikishwa hospitali daktari wa zamu aliniuliza swali moja tu, mama umekua unameza nini? Nikamtolea kile kijimfuko kwenye pochi. Akatikisa kichwa. Vidonda vya tumbo vilikua vinavuja damu, nilitoka kwenye goti nikaishia kuongezewa damu chupa mbili. Ndo nikajua kwamba diklofenaki na ndugu zake kina ibuprofeni vinakwangua tumbo, vinaweza kupandisha presha na kuchosha figo, na ukivichanganya na steroidi hatari ya tumbo inazidi. Kwahiyo kama una presha, sukari, figo au uliwahi kuwa na vidonda, hizo dawa usijiandikie mwenyewe. Na kama unameza vile vidogo vyeupe kwa muda mrefu usiviache ghafla pia, mwili unakua umevizoea, nenda uvipunguze kwa maelekezo.

Baada ya kupona tumbo nikaamua kufuata goti kwa njia iliyonyooka. Nilianza kituo cha afya nikapewa rufaa nikaonana na daktari wa mifupa. Nilienda nimejiandaa kuambiwa nikapige MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku, maana kila mtu mtaani anasema eksirei haioni kitu. Daktari akanikalisha kitandani, akalikunja goti, akalinyoosha, akaweka kiganja juu akisikiliza ule mkwaruzo, akakagua mpaka nyonga maana anasema nyonga mbovu inaweza kuumia gotini, afu akaniandikia eksirei lakini nipigwe nimesimama. Sikujua kama kuna tofauti. Ukipigwa umelala ile nafasi kati ya mifupa inaonekana ipo ipo tu, ukisimama uzito wako unashuka ndo inaonekana imebaki kiasi gani. Yangu upande wa ndani ilikua nyembamba kama uzi, ndo maana mguu ulianza kwenda tege bila mimi kujua. MRI hakuniandikia, akasema pale haina cha kuongeza.

Jibu likawa gegedu limechakaa, yani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Akaniuliza asubuhi goti linakakamaa muda gani, nikasema dakika kumi hivi nikitembea linaachia, akasema hiyo inaendana na kuchakaa, ingekua saa nzima na zaidi na vidole vya mikono vimevimba pande zote mbili angefikiria ile baridi yabisi yenyewe ambayo ni ugonjwa mwingine na dawa zake nyingine kabisa. Jongo nayo ina tabia zake, inakuja usiku ghafla, mara nyingi inaanza na dole gumba la mguu, linawaka huwezi hata kufunikwa shuka. Na kama viungo vyote vimeuma baada ya homa kali inaweza kuwa chikungunya, ambayo jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kujikunja, na ugonjwa ulitambuliwa huku kwetu kusini miaka ya 1952 na 1953. Nayataja haya kwa sababu mtaani yote yanaitwa "miguu" na yote yanapewa dawa moja.

Basi nikamuuliza, dokta dawa yake nini? Nikitegemea karatasi ndefu. Akaniandikia jeli ya kupaka, ya diklofenaki hiyohiyo lakini ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu, na paracetamoli nikizidiwa, afu akanituma chumba cha fiziotherapia. Kwakweli nilikasirika. Nimelipa nauli, nimekaa foleni toka saa kumi na mbili, naambiwa nikafanye mazoezi, goti linauma unaniambia nilitumie? Nilikua nimeshajiwekea akilini kwamba goti ni kama soli ya kandambili, ukiitumia ndo unaimaliza, kwahiyo mwaka mzima nilikua napunguza kutembea, mpaka sokoni natuma mtoto.

Yule kijana wa fiziotherapia akachukua utepe (wa kwangu mwenyewe, niliukuta kwenye pochi!) akapima paja la kulia na la kushoto, sehemu ileile, vidole vinne juu ya goti. La kulia lilikua limepungua sentimita tatu. Akaniambia mama, tatizo lako sasa hivi ni mawili, gegedu hatuwezi kulirudisha ila hili paja tunaweza, msuli huu wa mbele ndo unaobeba uzito kabla haujafika gotini, wewe umeupumzisha mpaka umelala. Mtu anayepima watu kwa utepe kila siku akionyeshwa namba kwenye utepe hana ubishi.

Mazoezi yenyewe ni ya kijinga kabisa ukiyaona. Unakaa kwenye kiti, unanyoosha mguu mpaka uwe sawa, unakaza paja, unahesabu mpaka kumi, unashusha taratibu. Mara kumi, miguu yote miwili. Afu unainuka kwenye kiti bila kushika popote, unakaa taratibu bila kujibwaga, mi mwanzo niliwekewa mto juu ya kiti ili kiwe kirefu maana nilishindwa. Wiki mbili za kwanza niliumia zaidi na ndipo wengi wanapoacha. Kanuni niliyopewa ni hii, ukiumia wakati wa zoezi kidogo na kesho asubuhi limetulia, endelea, ila ukiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi usiache. Wiki ya tano sijaona kitu, nikawa nafanya kwa hasira tu. Wiki ya nane nikagundua nimepanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu na nimefika juu ndo nakumbuka kwamba nina goti.

Upande wa uzito nilikua kilo 88. Sikufanya dayati ya ajabu, nilipunguza ugali wa usiku, nikaacha soda mbili za kila siku dukani na chapati za kusindikizia chai, kwa mwaka nikashuka kilo 9. Kinachonipa moyo ni hesabu, watafiti walishapima kwamba kila kilo moja unayopunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua, kwahiyo zangu 9 ni kama 36, ni zaidi ya nusu gunia la mchele la kilo 50 limeshuka kila nikikanyaga.

Kingine ni kazini. Nilimpa fundi seremala hela akanitengenezea meza ya kukatia inayofika kiunoni, siku ya kwanza nakata nguo nimesimama nilijiona kama fundi wa Ulaya. Cherehani nikaifunga mota. Chooni kwetu ni cha kuchuchumaa, huyohuyo seremala akanitolea kigoda chenye tundu, watoto walicheka wiki nzima wakazoea. Kuswali naswali kwenye kiti, nilijisikia vibaya mwanzoni nikamuuliza ustadhi akaniambia mgonjwa ana ruhusa yake, nisijitese.

Na fimbo jamani, tunaishika vibaya. Goti bovu la kulia fimbo inashikwa mkono wa KUSHOTO, fimbo na mguu mbovu vinatangulia pamoja. Kwenye ngazi, kupanda anatangulia mguu mzima, kushuka anatangulia mbovu.

Sindano ya ndani ya goti mnaniuliza sana. Nilichomwa moja ya steroidi mwaka wa pili, goti lilipovimba nikashindwa kazi, ilinipa miezi miwili mizuri. Haijengi kitu, inatuliza tu, na kuirudia rudia sio kuzuri, na kwa mwenye kisukari inapandisha sukari kwa siku kadhaa kwahiyo sema mapema. Za kuongeza ute ni za bei na madaktari wenyewe hawakubaliani kuhusu faida yake, mi sikuchoma. Ila sindano yoyote ya gotini ichomwe na daktari mahali safi, usikubali mtu akuchome nyuma ya pazia la duka, bakteria wakiingia mle ndani unaweza kupoteza goti.

Kuna watu ambao mazoezi hayatatosha, nisidanganye. Mama yangu mdogo gegedu lilikwisha kabisa, halali usiku, hatembei hata kwenda kwa jirani, yeye alibadilishiwa goti. Upasuaji huo unafanyika hapahapa nchini, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya, hospitali ya KCMC Moshi pia, goti la bandia kwa wengi linadumu miaka 15, 20 na zaidi, ndo maana ukiwa bado kijana wanakuchelewesha kidogo. Kama una bima ulizia kabla inagharamia nini na kipi unajazia mwenyewe. Na hata yeye baada ya kisu alirudishwa kulekule kwenye kunyoosha mguu kwenye kiti, tulikua tunahesabu wote kwa simu.

Yapo magoti ya kukimbiza hospitali leo leo, sio ya kusoma makala. Goti limevimba ghafla, jekundu, la moto, na una homa. Umeanguka au umepata ajali na huwezi kukanyaga. Limekwama halinyooki. Au shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.

Goti langu bado linauma, hasa nikiwa na oda za sikukuu nasimama toka asubuhi mpaka saa nne usiku. Sijapona na sitapona kwa maana ya kurudi kama zamani, ila vidonge sijagusa mwaka na nusu na sokoni naenda mwenyewe. Sasa hivi nanyoosha mguu na mzigo, nimeshona mfuko wa kilo moja na nusu ya mchanga kutoka kwenye mabaki ya jinzi, una mkanda wa kufunga kifundoni. Mkitaka kushona wa kwenu tumieni jinzi nzito, mshono upite mara mbili, na mchanga uanikwe ukauke kwanza, wangu wa kwanza nilishona wa mshono mmoja ukapasuka sebuleni mbele ya mteja aliyekuja kuchukua nguo ya harusi.