Nembo tano kwenye barua hazimdaki mtoto

Kila msimu wa wageni ukikaribia hapa Malindi, simu yangu hujaa mialiko. Kombe la sarakasi, ligi ya densi, na siku hizi ushangiliaji wa mashindano (cheerleading), ule wa kurushana juu na kujenga piramidi. Vijana wetu wanaofanya mazoezi ufukwe wa Silversands maji yakipwa wanauweza bila tabu. Kinachotupiga chenga ni makaratasi.

Mwaliko mmoja ulikuja na nembo tano kichwani mwa barua, ada kwa kila mtoto, na ahadi ya "kutambuliwa kimataifa". Mama mmoja wa Maweni aliusoma, akanirudishia simu. "Mwalimu, wakimvunja mwanangu mkono, hapa nitamshika nani?" Nikawapigia walioutuma, nikawauliza vilevile. Wakasema kila kitu kiko sawa na shirikisho. Shirikisho lipi? Simu ikakatwa. Hatukwenda.

Basi usiulize kama wana shirikisho. Uliza shirikisho hilo linatambuliwa na nani, na mamlaka yake yanaishia wapi. Mchezo huu una vyombo vingi na kila kimoja kinatawala ukumbi wake. Kinachotambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ni International Cheer Union, yaani ICU, kilichoanzishwa 2004. Utambuzi wa muda kilipewa 2016 na ule kamili 2021. Kutambuliwa si kuingizwa kwenye ratiba ya Olimpiki, kwa hiyo anayekuuzia ndoto ya medali ya Olimpiki mpe chai umuage. Halafu kuna USASF ya Marekani, iliyoundwa 2003 kusimamia klabu za kulipia. Kanuni zake hazimhusu mtu wa Malindi mpaka aingie mashindano yanayozitumia.

Kwetu Kenya, Sheria ya Michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo. Omba uone cheti cha usajili, si picha yake iliyokatwa nusu. Sheria hiyohiyo iliunda jopo la kutatua mizozo ya michezo, na hapo mzazi anaweza kupata pa kwenda akidhulumiwa, kutegemea mzozo wenyewe. Lakini cheti cha serikali nacho hakitoshi kukufikisha mashindano ya nje. Tuliyaona kwenye soka, serikali ilipoiweka kando FKF, shirikisho la soka la Kenya, mwishoni mwa 2021, na FIFA ikatufungia mlango 2022.

Fuata pesa pia. Huko Marekani, Varsity ni kampuni inayouza sare, inaendesha kambi na inaandaa mashindano, na mkopo wake ndio uliosaidia kuisimamisha USASF. Klabu na wazazi walizishtaki zote mbili kwamba zimebana soko, na kesi ikamalizwa 2023 kwa makubaliano ya dola milioni 43.5, bila mtu kukiri kosa. Sisemi kila mwandaaji ni mwizi. Nasema ukiona anayetunga kanuni ndiye anayeuza jezi na kukata tiketi, uliza maswali mara mbili.

Ila nisieleweke vibaya, vyombo hivi vina faida moja kubwa ambayo hata asiye mwanachama anaweza kuichukua bure: kanuni za usalama. Machi 2006, kwenye mchezo wa basketboli huko St. Louis, mwanafunzi wa chuo alianguka kutoka juu ya piramidi akaumia shingo. Alitolewa kwa machela, na bendi ilipopiga wimbo wa chuo chake mikono yake iliendelea kucheza huku amefungwa. Umati ukamshangilia. Mimi kila nikiikumbuka hadithi hiyo nahesabu vichwa vya watoto wangu. Baada yake chama cha makocha, AACCA, kikabana kanuni: piramidi ndefu na kurushana juu bila mkeka kwenye sakafu ya basketboli, marufuku. Chama hicho hakikuwa na polisi wala mahakama. Nguvu yake ilitoka kwenye bima. Bima ya majeraha makubwa ya NCAA, chombo cha michezo ya vyuo vya Marekani, ilitaka kikundi kisimamiwe na mtu mwenye cheti cha usalama, na chuo gani kitakubali kubaki bila bima?

Kwa hiyo mwandaaji akikuita, swali la bima liwe la kwanza, kabla ya zawadi na usafiri. Nani amelipia, inamfunika nani, na inataka kocha awe na cheti gani? Asiyejibu hapo hana mamlaka yoyote, hata awe na nembo kumi.

Na kanuni zenyewe zitumie hata mkiwa kwenye maonyesho tu. Wanaorusha wasizidi wanne. Mmoja akae nyuma, macho yake kwa aliye juu tangu anaondoka mikononi mpaka anadakwa, na kazi yake ni kichwa na mabega. Kikundi kisipande ngazi ya pili kabla ya kuizoea ya kwanza, ndiyo maana mashindano yao yamegawanywa kwa ngazi. Sakafu ngumu, hakuna kurusha.

Msimu uliopita hoteli moja ilitutaka tujenge ghorofa tatu kando ya bwawa, juu ya vigae. Nikamwonyesha meneja kanuni kwenye simu. "Lakini nyinyi si wanachama wao," akasema. Nikamwambia ni kweli, ila mkono ukivunjika wakili wa mzazi atauliza kama tulizijua. Akanuna kidogo, kisha akawaita vijana wake watuhamishie vipaza sauti kwenye nyasi.