Maswali ya Macho: Rangi Nyekundu Kwenye Ripoti ya OCT

SWALI: Nimepimwa OCT (kipimo cha mwanga kinachoonyesha tabaka za nyuma ya jicho) hospitali mbili ndani ya miezi 3. Ya kwanza, utando wa nyuzi za neva ya jicho ulikuwa na unene wa mikromita 92, rangi ya kijani. Ya pili 81, na sehemu mbili nyekundu. Presha ya macho ni 15 kote kuwili. Navaa miwani ya minasi 7, yaani sioni vizuri mbali. Je, nina glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho)? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Pole kwa wasiwasi. Ripoti hizo mbili peke yake haziwezi kusema unayo wala huna.

Kwanza uliza kama mashine zilikuwa za aina moja. Kila kampuni ina namna yake ya kuamua utando unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa hiyo huwezi kuchukua 92 ukatoa 81 ukasema umepoteza 11. Hata mashine ileile, mtu yuleyule, kipimo hupanda na kushuka mikromita 4 au 5.

Pili, minasi 7 ni kubwa. Rangi (kijani ni unene wa kawaida, nyekundu ni mwembamba kupita kawaida) hutokana na kukulinganisha na macho ya kawaida yaliyohifadhiwa kwenye mashine, na jicho lako ni refu kuliko mengi ya hayo. Kwenye jicho refu nyuzi nene husogea upande wa sikio, na duara ambalo mashine hupimia huangukia mbali zaidi na kichwa cha neva (pale neva inapotokea jichoni), mahali ambapo utando ni mwembamba kiasili. Wekundu hujitokeza bila ugonjwa.

Lakini presha ya 15 isikutulize: glakoma huwapata pia wenye presha ya kawaida. Omba daktari akitazame kichwa cha neva kwa macho yake, upimwe uwanda wa kuona, kisha OCT irudiwe kwenye mashine moja utakayoishikilia miaka yote. Ripoti za zamani usizitupe.

SWALI: Naendesha mashine ya OCT. Picha nyingi zinatoka hafifu au zimekatika. Nakosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Anza na konea (kioo angavu cha mbele ya jicho). Jicho kavu hutawanya mwanga. Weka tone moja la machozi ya bandia, mwambie mgonjwa apepese mara kadhaa, ndipo upige. Futa lenzi ya mashine, maana alama ya kidole inatosha kuharibu picha. Hakikisha kidevu na paji la uso vimegusa, na punguza taa za chumba. Mboni ikiwa chini ya milimita 2, mwombe daktari aipanue. Kwa mwenye mtoto wa jicho, sogeza mwanga kidogo kidogo hadi upate mahali penye ukungu mdogo.

Tazama pia retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imekaa wapi kwenye dirisha la picha. Ikiwa chini mno hufifia. Ikiwa juu mno, ncha yake hujikunja na kurudi chini kama taswira ya kioo, na vipimo vyote vinavurugika. Mstari mweusi wa mlalo ni kupepesa. Mishipa ya damu iliyokatika kama ngazi ni jicho kusogea. Rudia palepale mgonjwa akiwa bado kitini.

Kwenye Cirrus (aina mojawapo ya mashine za OCT), nguvu ya mawimbi chini ya 6 kati ya 10 usiipeleke kwa daktari kama kipimo halali: utando huonekana mwembamba kuliko ulivyo. Hata ikiwa 9, kagua mistari ya mipaka iliyochorwa na kompyuta. Ikiruka tabaka, namba zake hazifai.

SWALI: Nina kisukari. Nilishapigwa picha ya retina, OCT ya nini tena? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Picha ya kawaida inaonyesha uso wa retina: damu iliyovuja, mafuta. OCT hukata retina kama mkate na kuonyesha maji yaliyojificha ndani, kama vifuko vyeusi. Maji yakifika katikati ya makula (sehemu ya retina ya kuona vitu kwa undani), ndipo daktari hufikiria sindano ya jicho kama bevacizumab. Hata hivyo OCT ya kawaida haifiki pembezoni, hivyo uchunguzi wa mboni iliyopanuliwa unabaki palepale. Siku hiyo usiendeshe gari. Dawa ya kupanua huchukua saa kadhaa kuisha.